Aliyetoka Tumboni Mwake

Mwalimu Herman Maganga alirudi kutoka Ushirombo Alhamisi jioni, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, na kabla hajashuka vizuri kwenye baiskeli mkewe alishajua kuna jambo. Mtu mwenye habari njema huanza kuzitangaza akiwa bado uani. Huyu aliegemeza baiskeli ukutani, akaisawazisha, akaisawazisha tena, kisha akaingia ndani na kuomba maji ya kunywa ambayo hakuyanywa.

"Sema tu," Justa alimwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua nsansa, majani makavu ya kunde, na hakuinua kichwa.

"Bi Margit anakuja Jumamosi."

"Na aje. Tutachinja kuku."

"Anakuja kuona ngoma."

Justa aliacha kuchambua. Pale kijijini Mwabulugu Jumamosi hiyo kulikuwa na ngoma moja tu, nayo ilikuwa ya nyumbani kwao. Ilikuwa ngoma ya waswezi, wale wanaopandwa na pepo za mababu, na ilikuwa inachezwa kwa ajili ya Zipora, dada yake Herman. Zipora alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka hana uhai. Tangu yule wa pili, huu mwezi wa nne, hakuwa amesema neno. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza vyote kwa adabu, akaendelea kunyamaza. Mumewe akamrudisha kwao na sanduku lake. Basi mama yao, Mbuke, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa waswezi wa upande ule, akasema sasa ni zamu yake kujaribu.

"Nani kamwambia habari za ngoma?"

"Masista. Akaniuliza kama nawafahamu waswezi. Ningekataaje? Nikasema nawafahamu."

"Basi vizuri. Atamwona mama akicheza."

Herman alizungusha kikombe mezani. "Hapo ndipo penye shida," alisema.

Huyu Bi Margit alikuwa mama wa Kiswidi, wa miaka arobaini na kitu, aliyeletwa na mradi wa elimu ya watu wazima. Alizunguka shule kwa shule na Landrova yake, akiwatazama walimu wanavyowafundisha wazee kusoma, na kabla ya mwaka ule wa sabini na sita kwisha alikuwa amchague mwalimu mmoja wa kwenda kwao kwa masomo ya miezi sita. Kila mwalimu wa tarafa aliijua habari hiyo, na kila mmoja alikuwa ameanza kupiga pasi suruali. Mwezi uliopita aliwaalika walimu wawili chai katika nyumba ya wageni ya misheni, Herman na mwenzake Onesmo, akawauliza habari za nyumbani kwao. Onesmo alisema mama yake anafundisha ushonaji kwa masista. Mgeni akafurahi, akamgeukia Herman. Na mama yako wewe, mwalimu?

"Ukasemaje?" Justa aliuliza.

"Nilisema ameshafariki."

Nje, kuku waliparua chini ya dirisha. Justa aliweka ungo chini taratibu.

"Umemuua mama yako kwa kikombe cha chai."

"Justa, ulitaka niseme nini? Kwamba anavaa kauri kichwani na kunguruma? Yule mama anatafuta mwalimu wa kumpeleka Ulaya."

"Mimi nimebatizwa, na ngoma hizi sizipendi," Justa alisema. "Lakini mama yule amenipokea mimi hapa, na wanangu amewapokea kwa mikono yake. Mkataa kwao mtumwa, Herman. Ulaya ipi hiyo inayomtaka mtu asiye na mama?"

Mwalimu Herman alikuwa hodari wa kujibu maswali ya ubaoni tu.

* * *

Nyumba ya Mbuke ilikuwa ng'ambo ya ua, hatua thelathini zikihesabiwa vizuri, maana wakati wa kuhamia vijijini kila nyumba ilipimwa kwa kamba na hakuna aliyeruhusiwa kujenga anapotaka. Ijumaa asubuhi Herman alimkuta mama yake amekaa kizingitini akifunga njuga kwenye mkanda wa ngozi. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye miaka sitini na ushei. Ukikutana naye kisimani usingedhani kwamba kuna mtu wa kumwogopa.

Walizungumza Kisukuma, kama ilivyokuwa kawaida yao. Herman alimweleza kwamba kesho kutakuwa na mgeni.

"Mzungu?"

"Mzungu."

"Asikae juani basi. Ngozi zao hazivumilii." Mbuke alikaza fundo kwa meno. "Na asiletewe matobolwa, viazi vikavu vile. Wanasema yanawafunga tumbo."

"Kuna neno moja, mayu," alisema, maana mayu ni mama. " Mbele yake usiniite jina la nyumbani. Niite Mwalimu."

"Si ndiyo kazi yako."

"Ndiyo."

"Basi nitakuita kwa kazi yako." Alisema hivyo kwa wepesi kabisa, lakini mkono wake ulisimama juu ya njuga kidogo kabla ya kuendelea. "Na mimi nina neno. Nani ataniita kesho?"

Herman alijua anaulizwa nini. Mswezi akishapandwa, huwa harudi mwenyewe. Pepo akimaliza maneno yake, hukaa pale pale kichwani akingoja, na hatoki mpaka mtu aliyetoka tumboni mwa yule mswezi asogee mbele ya watu wote, ampe maji na amwite mama. Asipoitwa, ataendelea kucheza mpaka mwili uishe. Walikuwepo walioishia hivyo, na majina yao yalijulikana. Kwa miaka kumi na miwili Mbuke alikuwa akirudishwa na Zipora.

"Zipora ndiye mgonjwa," mama alisema. "Kesho atafungwa mdomo kwa unga mweupe, hawezi kumwita mtu. Wengine nimewazika. Umebaki wewe."

"Mzee Maduhu hawezi?"

"Maduhu anapiga ngoma vizuri, lakini mimi sikumzaa Maduhu." Mbuke alicheka, akaonyesha mapengo yake. "Ni neno moja tu. Unaleta maji, unasema mayu, narudi. Hilo hata padri hawezi kukufungia sakramenti."

"Nitakuita," Herman alisema.

Na alisema kweli. Wakati ule ule alikuwa ameshapata hila. Bi Margit alijua Kiswahili, tena cha kusomea, lakini Kisukuma hakukijua. Neno mayu lingepita masikioni mwake pamoja na nyimbo na kelele za ngoma, naye asingejua limepita. Herman alitoka pale amepona kabisa. Alikwenda ofisi ya tawi la chama kuazima kiti cha katibu, kile chenye mikono, ili mgeni akae kwa heshima, akakibeba mwenyewe kichwani hadi nyumbani huku watoto wa shule wakimwamkia njia nzima.

* * *

Landrova ilifika Jumamosi saa nane mchana. Watu walikuwa wameshajaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume juu ya magogo. Bi Margit alishuka na mfuko wa sukari, kanga mbili na daftari. Alipoona wanawake wamevua viatu, naye akavua vyake. Herman akamwonyesha kiti.

"Hapana, asante," alisema mgeni. "Nitakaa na kina mama." Akakaa mkekani, miguu ameinyoosha upande mmoja kama alivyoona wengine wamefanya. Kiti kilibaki. Wanaume walikitazama, wakamtazama Herman. Kwa kuwa hakuna aliyeketi na kusimama nacho kungechekesha zaidi, Herman alikikalia mwenyewe, akajikuta peke yake juu, vichwa vya watu wote vikiwa usawa wa magoti yake.

"Masista wamenifundisha Kisukuma," Bi Margit alimwambia kwa furaha. "Maneno matatu. Mwangaluka. Wabeja, yaani asante. Na mayu."

Wanawake walicheka, maana mwangaluka husemwa asubuhi, lakini walicheka kwa kupenda. Herman alifungua kifungo cha kola.

Mbuke alitoka nje. Alikuwa bado mtu wa kawaida, amejifunga kaniki nyeusi, kauri zimepangwa kichwani, miguu imefungwa njuga hadi magotini. Bi Margit alipiga magoti mbele yake, mbele ya kijiji kizima.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu," Mbuke alijibu kwa Kiswahili chake kidogo. Kisha akageukia kile kiti. "Mwalimu, hujambo."

"Shikamoo, mama," Herman alisema, kwa sauti anayosalimia nayo wazazi wa wanafunzi.

Wapo waliosikia na kudhani ni mzaha. Justa, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko, hakudhani. Aliingia ndani akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Zipora aliletwa, akalazwa mkekani katikati, akafunikwa shuka jeupe hadi kifuani. Mdomo wake ulipakwa unga. Mzee Maduhu, mkubwa wa ngoma, akaanza kupiga, wenzake wakadakia, na Mbuke akaingia uwanjani akipiga hatua fupi fupi, njuga zikijibu. Alizunguka mara nyingi. Jua lilipoanza kuinama mabega yake yalibadilika, shingo ikakaza, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mwanamume mzee mwenye haraka. Bi Margit aliacha kuandika.

"Wale watoto wawili wako wapi?" sauti iliuliza.

"Walizikwa, babu," Maduhu alijibu. "Mama yao hakuwaona."

"Walipewa majina?"

"Hawakupewa."

"Mnamtaka huyu aseme. Atasema nini, na wanawe hawana la kuitwa?"

Herman alikuwa ameinama akimtafsiria mgeni neno kwa neno, na tafsiri yake ilikuwa nzuri. Alikuwa na kipaji hicho, hakuna wa kumnyima. Alipofika hapo alikosea neno akalirudia, maana ni yeye aliyekwenda kusaini karatasi za wale watoto, na hakuwa amewahi kufikiri habari ya majina.

"Wa kwanza ni Tabu," sauti ilisema. "Wa pili ni Maganga. Waitwe hivyo hapa, na kokote watakapotajwa."

Watu wote wakataja majina yale kwa pamoja, mara tatu, na chini ya shuka mabega ya Zipora yakaanza kutikisika. Alikuwa analia. Kwa miezi minne hakuwa amelia. Wanawake walimsogelea wakamshika miguu, na Bi Margit naye akaushika mmoja, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Pepo alikuwa amemaliza. Maduhu akabadilisha mapigo, akayapunguza hadi yakabaki mawili mawili ya kungojea. Akainua mkono.

"Aliyetoka tumboni mwake, na aje."

Macho yote yakaja kwenye kiti.

Herman alikuwa na maji tayari, kwenye kibuyu kidogo chini ya kiti. Ilikuwa ni kuinuka tu na kutembea hatua kumi. Lakini pale mkekani, kando ya kiti, alikuwa amerudi kukaa yule mgeni ambaye katika Kisukuma chote alijua maneno matatu.

"Wanasema nini?" Bi Margit aliuliza.

"Wanapumzika kidogo."

"Kwa nini wanatutazama huku?"

"Wanakutazama wewe. Hawajazoea wageni."

Mbuke alikuwa anazunguka. Mwendo wa hatua fupi ulikuwa umekwisha, sasa alikuwa anaburuta miguu. Njuga moja ilikuwa imekatika na chuma chake kilikuwa kinamchana kifundoni kila anapokanyaga, damu ikawa inaacha alama kwenye udongo uliofagiwa. Maduhu aliita tena, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilosahau.

"Aliyetoka tumboni mwake, na aje."

Justa alikuwa amefika nyuma ya kiti. "Nenda," alisema kwa Kisukuma, taratibu, midomo haichezi.

"Ngoja kidogo."

"Unangoja nini? Tazama mguu wake."

"Mgeni akigeuka kumwangalia Zipora nitakwenda."

"Herman, yule ana miaka sitini."

Aliinuka nusu. Mikono yake ilikuwa kwenye mikono ya kiti, magoti yamenyooka kidogo, kijiji kizima kikashusha pumzi. Bi Margit akageuka kumtazama kwa uso wake ule wa kuuliza, uso mwema kabisa, na Herman akaketi tena. Alijichukia. Alijua anachokifanya na alijua jina lake, na bado aliketi.

"Mwalimu, yule mama anaumia," mgeni alisema. "Wanataka nini? Niambie."

"Wanataka maji," Herman alisema. "Yule mama ana kiu. Ni desturi tu, mtu anampelekea maji."

"Mtu yeyote?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Alikuwa nayo ndefu, watu walioona siku ile wanasema ilikuwa ya kutosha mtu kufika kisimani na kurudi.

"Yeyote," alisema.

Bi Margit alifungua mfuko wake, akatoa chupa yake ya maji, akamimina kwenye kifuniko cha plastiki cha rangi ya machungwa, akasimama. Alitembea peku hadi katikati ya uwanja. Ngoma zilinyamaza zenyewe. Akapiga magoti njiani mwa Mbuke, akakiinua kifuniko kwa mikono miwili.

"Mayu," alisema. "Maji."

Mbuke alisimama. Aliyumba mbele, akayumba nyuma, kisha mabega yakaanguka na macho yakafunguka, na mtu aliyetazama kupitia macho hayo alikuwa ni yeye. Kwanza alitafuta. Aliwapita wanawake, akampita Maduhu, akafika kwenye kiti chenye mikono na aliyekuwa amekaa juu yake. Alimtazama kwa kitambo. Ndipo akashusha macho kwa mwanamke mweupe aliyepiga magoti, akakipokea kifuniko, akanywa yote.

"Wabeja, mwanangu," alisema.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kibibi mmoja alianza kupiga kigelegele, akakiacha katikati. Jambo kama lile halikuwa limetokea, na desturi haikuwa na neno juu yake. Mwishowe Mzee Maduhu aliweka fimbo zake chini.

"Ameitwa, amerudi," alisema, bila kumtazama mtu yeyote. "Ana mtoto. Na tule."

* * *

Mbuzi alikuwa ameshaiva. Mbuke alioshwa mguu, akafungwa kitambaa, akakalishwa kwenye mkeka na Zipora pembeni yake, mdomo umesafishwa unga. Ini la mbuzi lililetwa kwenye sahani yake, akalisogeza mbele ya Bi Margit.

"Ni haki ya aliyeita," alisema kwa Kisukuma.

Herman, aliyekuwa amekaribishwa mkeka ule ule kwa sababu ya kutafsiri, alitafsiri. Alisema mama anakuheshimu kama mgeni. Mzee mmoja aliyejua Kiswahili vizuri alikohoa.

Bi Margit alikula ini na kulisifu. Kisha akataka kuzungumza mwenyewe, kwa Kiswahili rahisi, bila mtu katikati. Alimwinamia Mbuke.

"Mama, una watoto wangapi?"

Mazungumzo ya mikeka ya jirani yalikatika. Justa alikuwa anapita na chungu cha mchuzi, naye akasimama na chungu mkononi. Herman alitazama tonge lake. Alifikiri, sasa anasema, na alipofikiri hivyo alihisi nafuu ya ajabu, kama mtu anayekaribia kutapika. Na aseme. Yaishe.

Mbuke hakumtazama. Alifuta vidole kwenye kaniki yake, kimoja kimoja.

"Moja tu," alisema kwa Kiswahili chake. "Ni hii. Zipora."

Justa aliweka chungu chini palepale alipokuwa, akatembea kuelekea jikoni bila kugeuka nyuma. Wanaume waliinamia ugali wao. Ilikuwa heri Herman angetukanwa. Tusi mtu hulijibu, au hulinunia. Hili alilopewa lilikuwa ni kile alichokitaka, kile kile, amewekewa mkononi na mama yake.

"Mmoja," Bi Margit alisema kwa huruma, akaandika.

Ndipo Zipora akainua kichwa. Alikuwa anatafuna nyama kwa muda sasa, polepole, kama mtu anayejaribu meno mapya. Alimgeukia mama yake.

"Chumvi," alisema.

Mbuke aliacha mdomo wazi. "Umesemaje?"

"Haina chumvi," Zipora alisema, sauti imekwaruza. "Nani kapika?"

Uwanja mzima uliinuka. Vigelegele safari hii havikukatwa katikati. Wanawake walimvamia Zipora, wakamkumbatia, wakalia, wakambebea chumvi kutoka nyumba tatu tofauti, na Mbuke akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja huku amemshika binti yake kichwa. Herman alikuwa amesimama bila kujijua. Mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Huyu alikuwa ndiye dada yake pekee, aliyembeba mgongoni, aliyekwenda naye hospitali mara zote mbili. Lakini mwalimu wa shule, mpita njia aliyekuja kumwonyesha mgeni ngoma, anamkumbatiaje binti wa watu?

"Amesema nini?" Bi Margit aliuliza, amemshika mkono wa shati.

"Anataka chumvi," Herman alisema, akakaa.

* * *

Alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Jua lilikuwa bado lipo, limelala juu ya mashamba ya pamba. Bi Margit alivaa viatu vyake akiwa ameegemea mlango wa Landrova, macho mekundu, anatabasamu.

"Sitaisahau siku hii, mwalimu. Umenifungulia mlango ambao wengine wangeufunga. Wengine wanaona haya, unajua? Wananionyesha ukumbi wa shule tu na bendera." Alifunga kamba. "Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi, lakini nitakuambia sasa. Jina nililoandika ni lako."

"Asante," Herman alisema. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo tangu Januari, na sasa ilipofika hakujua aiweke wapi.

"Nina ombi. Yule mama ana mtoto mmoja tu, tena mgonjwa. Nyinyi mko karibu. Utakuwa unapita kumwangalia? Wewe ulimpoteza mama yako, utamwelewa kuliko mtu mwingine."

Maneno yangemwagika pale. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Angesema Bi Margit, yule ni mama yangu, na kila kitu kingeharibika na kila kitu kingepona. Alifungua mdomo.

"Nitapita," alisema.

Dereva aliwasha gari. Herman alipunga mkono mpaka mkono ukachoka, kisha akarudi uani. Watu walikuwa wanaondoka. Walimpita wakisema haya mwalimu, tumekwenda mwalimu, jioni njema mwalimu, wote, hata wale waliozoea kumwita jina la nyumbani tangu hajaota meno. Mlango wa nyumba yake Justa alikuwa ameufunga kwa ndani. Alibisha mara moja.

Akavuka ua. Mbuke alikuwa amelala kitandani mwake amejigeuzia ukutani, mguu uliofungwa kitambaa umewekwa juu ya kanga mpya, moja ya zile mbili za mgeni. Zipora alikuwa nje kwa majirani, sauti yake ilisikika ikibishana na mtu. Ndani mlikuwa na harufu ya dawa ya majani. Kauri zilikuwa zimerudishwa kwenye kikapu chao.

Herman alisimama mlangoni. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsikia.

"Mayu," alisema.

Alisogea hadi kitandani, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya pasi, na safari hii alisema kwa sauti, karibu ya kulia.

"Mayu. Mayu, ni mimi."

Mbuke alijigeuza haraka, akamwekea kiganja mdomoni, kikavu, kinanuka moshi, na macho yake yakaenda dirishani kule barabarani.

"Taratibu, baba," alinong'ona. "Gari bado halijavuka daraja."